Kwa Mnaoanza Kuandika Riwaya za Ujasusi Hapa Kisumu

Wadogo zangu, nimeimaliza miswada mliyoniachia. Mnaandika vizuri kuliko kundi lililowatangulia, lakini makosa ni yale yale, na nimechoka kuyaandika pambizoni.

1. Taharuki mnayo bure, mnaipita mkikimbilia bomu. Katiba ya 2010, ibara ya 49, inataka mshukiwa afikishwe kortini kabla ya saa 24 kwisha, na muda huo ukiishia wakati korti imefungwa, basi siku ya korti inayofuata. Mkamateni mtu wenu Kondele Ijumaa jioni. Atalala seli hadi Jumatatu, wakili akibisha pale kwenye dawati la OB, kitabu cha matukio cha polisi, huku shahidi akitafuta njia ya panya ya Busia. Mnataka nini zaidi?

2. Ziwa mliheshimu. Mmoja wenu, mwenye sentensi tamu kuliko wote, amemtoa jasusi wake Usenge usiku kwa mtumbwi kuelekea upande wa Uganda. Mwezi mpevu, taa za wavuvi wa omena, yaani dagaa, zimetapakaa majini, naye anajificha katikati yake. Muuaji anamtambua kwa mng'ao wa mwezi kwenye saa yake ya mkononi. Sura nzima inategemea mwezi na taa kuwa pamoja, na hapo ndipo inapokufa. Omena huvuliwa usiku wa giza. Taa huwekwa ielee, wavuvi wanangoja wadudu na samaki wajikusanye kwenye mwanga, ndipo wavu unazungushwa. Mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, na wengi wao wanabaki ufukweni wakishona nyavu. Nilipomwambia, akanijibu kwamba msomaji wa Nairobi hatajua.

Jibu hilo liliniuma kuliko kosa lenyewe. Anayesoma riwaya ya upelelezi anashika kila kitu akidhani ni ushahidi: kitasa, risiti, tope kwenye kiatu. Mkimdanganya kuhusu mwezi, kwa nini aamini kwamba mshukiwa alikuwa Bondo usiku wa mauaji? Na msomaji wa Mbita je, yeye si msomaji? Tulikaa tukaufuta mwezi. Sasa ni giza totoro, na muuaji yuko ufukweni akitazama taa. Kila mtumbwi unavuta wavu, isipokuwa mmoja. Una taa, una watu wawili, na hakuna aliyegusa kamba tangu saa nne. Nilipoisoma hiyo nilisimama. Imetoka kwa wavuvi wenyewe, si kwenye filamu.

3. Angalieni miaka. M-Pesa ilianza 2007, kwa hivyo hongo ya 1990 ibebwe kwenye bahasha. Wanaoandika juu ya kipindi alichouawa Dkt. Robert Ouko, waziri wa mambo ya nje wa Kenya, Februari 1990, wakumbuke pia kwamba NIS, idara ya ujasusi ya Kenya, haikuwepo kwa jina hilo. Nendeni Koru, tazameni Got Alila, kilima ulipokutwa mwili wake, ilivyo mbali na barabara kuu. Kisha tungeni wahusika wenu wenyewe, maana jamaa za marehemu wako hai na wanasoma.

4. Msiache kazi. John le Carré alitoa riwaya yake ya kwanza 1961 akiwa bado mtumishi wa ujasusi wa Uingereza, tena kwa jina la kubuni. Alisubiri hadi ya tatu, ya 1963, ilipovuma duniani, ndipo akaacha kazi mwaka uliofuata. Wewe unayefundisha Ahero, fundisha. Andika alfajiri.

5. Mazungumzo yasomeni kwa sauti.

6. Mkataba usomwe wote, hata kama mkono unawasha kutia sahihi. Haki za tafsiri, za redio na za filamu zitajwe kila moja peke yake, na asilimia yake. Mchapishaji akizifunga zote katika sentensi moja, mwombeni azitenganishe kwanza, na akikataa, rudini na mswada wenu nyumbani.