Miguu imevimba tangu aongezewe dawa ya presha

SWALI: Daktari, mama yangu ana miaka 58 na huuza mitumba Gikomba, kazi ya kusimama kutwa. Wiki tatu zilizopita aliongezewa amlodipini kutoka miligramu 5 hadi 10. Sasa kila jioni miguu yote miwili huvimba hadi viatu vinambana. Kwenye kemisti walimpa furosemidi, dawa ya kukojoza maji; anakesha akienda haja ndogo lakini uvimbe uko palepale. Jirani anasema figo zimeharibika, aache dawa za presha. Tufanyeje? – Msomaji, Kayole

JIBU: Asiache amlodipini kabla ya kuonana na daktari wake, ila amwone wiki hii, asingoje tarehe ya kliniki.

Amlodipini hulegeza mishipa midogo inayopeleka damu, ndiyo sababu presha hushuka. Ile inayorudisha damu moyoni hailegei kwa kiasi hicho. Basi msukumo huzidi katika vimishipa vyembamba vilivyo katikati, majimaji yakavuja na kutuama kwenye vifundo vya miguu, hasa kwa mtu anayesimama. Mwili haujajaa maji. Yamehama mahali tu. Kwa hiyo furosemidi haina la maana la kufanya hapo, na inaweza kumpotezea madini ya potasiamu, akaanza kubanwa na misuli na kupata kizunguzungu. Kumpa mtu dawa ya pili ili kutibu madhara ya ya kwanza ni tabia iliyozoeleka mno mitaani. Daktari aambiwe kwamba anameza furosemidi.

Miligramu 10 huvimbisha miguu zaidi kuliko 5, na wanawake huathirika zaidi. Mara nyingi dawa hurudishwa 5 na kuongezwa losatani au enalaprili, dawa nyingine za presha, ambazo hulegeza pia mishipa ya kurudisha damu. Enalaprili huwaletea wengine kikohozi kikavu. Zote mbili hudai kipimo cha figo na potasiamu baada ya wiki moja au mbili, na ni hatari kwa mimba, kwa hiyo mabinti wa nyumbani wasiazime. Uvimbe hautaisha kesho yake: nusu ya amlodipini huchukua saa 30 hadi 50 kutoka mwilini. Usubirini wiki moja au mbili.

Kuhusu figo, jirani asibishiwe kwa maneno. Kipimo cha protini kwenye mkojo na cha kreatinini (taka ambayo figo huichuja) kwenye damu kitatoa jibu. Uvimbe wa dawa kwa kawaida huwa wa miguu yote miwili na hupungua asubuhi. Ukiwa wa mguu mmoja, wenye maumivu na joto, huenda damu imeganda. Akikosa pumzi anapolala chali, au uzito ukipanda kilo 2 kwa wiki, moyo uchunguzwe. Uso kuvimba asubuhi na mkojo kuwa na povu, hapo ndipo figo hushukiwa. Mguu mmoja au pumzi: hospitali siku hiyohiyo.

Kabla ya kwenda, apimwe presha asubuhi na jioni, kila mara baada ya kuketi dakika 5, na namba ziandikwe kwenye daftari. Abebe kila tembe anayomeza, hata diklofenaki, dawa ya maumivu ya magoti, ambayo wauzaji wengi huimeza kama peremende. Hiyo hupandisha presha na kuzuia maji mwilini, na pengine ndiyo iliyofanya aongezewe dozi.