Wengi, lakini damu ni moja

Umeuliza inakuwaje wale konokono wakubwa wa bustanini, ambao asili yao ni Afrika Mashariki, wameenea Asia na mabara ya Amerika huku vinasaba vyao vikifanana mno, wakati wa huku kwetu wanatofautiana zaidi. Tazama idadi ya waliosafiri.

Mwaka 1847 William Benson, mpenzi wa konokono, aliwachukua wachache Mauritius, nao wakaachiwa bustanini Calcutta, India. Ni kama kuchota kikombe kimoja kwenye gunia la maharage mchanganyiko: zile punje za nadra, yaani vinasaba adimu, zinabaki guniani. Na huko ugenini, nchi inayofuata kuwapokea mara nyingi inachota kwenye kikombe kilekile, si kwenye gunia.

Kisa cha Miami, Marekani, ndicho kinachonichekesha. Mwaka 1966 mtoto alirudi kutoka Hawaii na konokono watatu, bibi yake akawaachia bustanini. Miaka saba baadaye walihesabiwa zaidi ya 18,000. Kutoka watatu! Kila mmoja ana viungo vya dume na vya jike, anahifadhi mbegu mwilini muda mrefu baada ya kupandana, na anataga mayai kwa mamia.

Kwa hiyo wingi wao usikudanganye, hao wote wa Miami walikuwa ukoo wa watatu. Kwa huku asilia, konokono akitambaa kwa tumbo lake haendi mbali, hivyo mto au mlima unatosha kutenga ndugu kwa vizazi vingi. Anayewachanganya siku hizi ni lori la miche na udongo.