Nilivyomhukumu mtoto wa stendi saa tano usiku

Zilikuwa zimebaki insha kumi na tisa za kidato cha pili, na macho yameshaanza kuwasha. Nikafungua ya kijana ambaye sisi walimu tulishamtia kwenye fungu la "watoto wa stendi", wale wanaouza karanga na mayai ya kuchemsha jioni kisha wanasinzia darasani. Insha ilikuwa nzuri mno. Nikaandika kwa kalamu nyekundu: "Umenakili wapi?"

Asubuhi akaja ofisini, karatasi kaishika kwa mikono miwili. "Shikamoo, mwalimu. Sikunakili."

Nikaisoma upya mbele yake. Alieleza konda anavyogonga ubavu wa basi mara mbili, na muuza mayai anavyokimbia sambamba na dirisha akidai hela yake. Nani angemtungia hayo? Usiku nilipita juu ya mistari hiyohiyo. Nilichosoma ni jina.

Kumjua mtu mmoja mmoja kunataka nguvu za akili. Fungu halitaki, liko tayari kichwani, na ukichoka ndilo linalojibu kwanza. Mwaka 1990 mwanasaikolojia Galen Bodenhausen wa Marekani alichapisha utafiti uliowapa wanafunzi kesi za wenzao waliotuhumiwa, mojawapo ya mwanamichezo aliyedaiwa kuibia mtihani. Waliozoea kuchangamka asubuhi waliegemea zaidi dhana za kundi walipoamua usiku, na wale wa usiku walifanya hivyo asubuhi. Kwa hiyo nia njema peke yake haitoshi. Mimi nilimpenda yule mtoto.

Jua saa zako. Mimi sasa nasahihisha alfajiri, na usiku najumlisha alama tu. Jina wanaandika nyuma ya karatasi. Nikitaka kuandika neno zito, kwanza natafuta mstari wa mwanafunzi mwenyewe ulionifikisha hapo. Nikiukosa, karatasi inalala hadi kesho. Hili la mwisho ndilo gumu, maana uchovu huja na uhakika mwingi. Kama wewe unasaili waomba kazi au unapokea wagonjwa, wa mwisho katika foleni ndiye wa kumtazama mara mbili.

Yule kijana nilimwomba radhi. Aliomba karatasi safi, akaketi pembeni ya meza yangu, akainakili insha yake mwenyewe neno kwa neno, ili mama yake asilione lile swali.