Namna ya kuyashika maneno mapya ya kitabibu ukiwa mwanafunzi wa unukuzi

Dada uliyeuliza, salaam. Umeeleza kwamba uko katikati ya kozi ya unukuzi wa kitabibu, yaani kusikiliza sauti za madaktari zilizorekodiwa na kuziandika ziwe ripoti, kwamba kila wiki mnapewa orodha ya maneno mapya, unayakariri na kufaulu jaribio, lakini ukivaa visikilizio na kufungua imla ya daktari wa Marekani unajiona kama mtu ambaye hakusoma chochote. Umeuliza pia kama inakupasa kusoma Kilatini kwanza. Nilisoma kozi ya namna hiyo hapa Nairobi, kisha nikafanya kazi ya kunukuu ripoti za kliniki na hospitali za Marekani kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nitakujibu kwa kadiri ya yale niliyoyatenda mwenyewe.

La Kilatini halina maneno mengi: usijisumbue. Kinachohitajika ni mizizi na viambishi, na mtu aliyechambua vitenzi vya Kiswahili shuleni tayari anajua kazi ya kulifungua neno vipande vipande. Kiambishi tamati "-itis" ni uvimbe wa kiungo pamoja na maumivu yake, "-ectomy" ni kukikata na kukiondoa, "-otomy" ni kupasua bila kuondoa, "-ostomy" ni kufungua tundu linaloachwa wazi, "-rrhaphy" ni kushona, "-pexy" ni kukikaza kiungo mahali pake. Tatizo ni kwamba kiungo kimoja huwa na mzizi wa Kigiriki na mwingine wa Kilatini: figo ni "nephr" na pia "ren", pafu ni "pneumon" na pia "pulmon", ngozi ni "dermat" na pia "cutane". Daktari husema "renal failure" figo zinaposhindwa kazi, lakini figo ikiondolewa husema "nephrectomy". Kwa hiyo mizizi hiyo isomwe miwilimiwili, kila mmoja pamoja na neno linaloutumia. Viambishi vyenye kazi ya kila siku si vingi, na mwanafunzi mwenye bidii atavimaliza mapema kuliko anavyodhani.

Orodha ya wiki inashindwa kwa sababu imepangwa kwa herufi, ilhali daktari hasemi kwa mpangilio wa herufi. Ripoti ina njia yake isiyobadilika sana: malalamiko ya mgonjwa, historia ya ugonjwa wa sasa, magonjwa ya zamani, dawa, mzio, uchunguzi wa mwili, kisha tathmini na mpango wa matibabu. Na katika uchunguzi wa mwili daktari huanza kichwani akashuka hadi miguuni. Mimi niliziacha orodha nikabaki na ripoti za mfano, nikisoma mfumo mmoja wa mwili kwa wakati mmoja, moyo na mishipa ya damu kwanza, halafu mapafu, halafu tumbo, na niliyakariri maneno yakiwa ndani ya sentensi zao. Akifika machoni, utasikia "PERRLA", yaani mboni ni sawa, ni za mviringo, na zinaitikia mwanga na kulenga karibu. Akifika shingoni, atasema "no JVD, no bruits", yaani mishipa ya shingo haikuvimba wala hakuna mvumo wa damu ndani ya mishipa, na "bruit" hutamkwa "brui", kwa kuwa limetoka Kifaransa. Tumboni ni "soft, nontender, nondistended", yaani ni laini, haliumi likiguswa, na halikuvimba, kisha "no hepatosplenomegaly", yaani ini na wengu havikukua. Miguuni ni "no clubbing, cyanosis, or edema", yaani ncha za vidole hazikuvimba, ngozi haikugeuka bluu, wala hakuna uvimbe wa maji. Madaktari huzisema sentensi hizi kwa kasi ya kutisha kwa sababu wamezisema maelfu ya mara, na hakuna sikio linaloweza kuzipata neno kwa neno. Anayejua daktari amefika wapi mwilini hujua pia nini kinakuja.

Sasa nifike penye ugumu wenyewe kwetu sisi, ambao ni masikio na tahajia. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, na mazoea hayo tunayapeleka kwenye kamusi ya Kiingereza cha kitabibu, tunatafuta neno mahali ambapo halipo. Dawa yake ni kuyatumia mazoea hayo hayo. Katika daftari langu niliandika kwanza sauti niliyoisikia, kwa herufi za Kiswahili, kisha nikaitafuta kwa kufuata milango yote inayowezekana. Sauti ya "n" mwanzoni mwa neno inaweza kuwa "pn", kama katika "pneumothorax". Sauti ya "s" inaweza kuwa "ps", kama katika "psoas" na "psoriasis", au "sc" kama katika "sciatica", au "c" peke yake kama katika "cecum". Sauti ya "z" mwanzoni mara nyingi ni "x": "zifoidi" niliyoiandika daftarini iligeuka kuwa "xiphoid", ncha ya chini ya mfupa wa kifua. Sauti ya "t" yaweza kuwa "pt", kama katika "pterygium", ule utando unaokua juu ya jicho. Sauti ya "k" yaweza kuwa "ch", kama katika "cholecystectomy", yaani kuondoa kifuko cha nyongo. Sauti ya "f" mara nyingi ni "ph", na sauti ya "yu" yaweza kuwa "eu", kama katika "euthyroid". Andika jedwali lako la sauti na herufi, ulibandike mbele ya kompyuta, na kila neno jipya likikupa mlango usiokuwamo, uongeze. Jedwali hilo lilinisaidia kuliko kitabu chochote cha kozi.

Yapo maneno ambayo sikio haliwezi kuyatenganisha hata kidogo, na hapo ni maana tu inayoamua. "Ileum" na "ilium" hutamkwa sawa: la kwanza ni sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, la pili ni mfupa wa nyonga. Ikiwa daktari anazungumzia haja kubwa na kuziba kwa utumbo, andika lenye "e". Ikiwa anazungumzia kuvunjika, andika lenye "i". "Perineal" linahusu msamba, "peroneal" linahusu upande wa nje wa mguu chini ya goti. "Dysphagia" ni ugumu wa kumeza na "dysphasia" ni ugumu wa kutumia lugha, na mgonjwa wa kiharusi anaweza kuwa na yote mawili, basi usome sentensi inayofuata: wakimpa chakula laini ni kumeza, wakimwita mtaalamu wa usemi usiharakishe, kwa kuwa mtaalamu huyo hushughulikia kumeza pia. "Abduction" na "adduction" ni kiungo kupelekwa mbali na mwili au kuletwa karibu, na madaktari waangalifu hutamka herufi zake moja moja, "a-b" au "a-d", ili kukuondolea shaka. Jozi hizi zikusanye katika kurasa zake peke yake.

Jambo ambalo kozi nyingi hulipita haraka ni kwamba sisi tumesomeshwa tahajia ya Uingereza. Tumezoea "anaemia", "oedema", "oesophagus" na "diarrhoea", na mteja wa Marekani anataka "anemia", "edema", "esophagus" na "diarrhea". Kwenye dawa ni zaidi ya tahajia, majina yenyewe hubadilika. Paracetamol ya dukani kwetu kule ni "acetaminophen", salbutamol ya mwenye pumu ni "albuterol", adrenaline ni "epinephrine", pethidine ni "meperidine", na rifampicin ya mgonjwa wa kifua kikuu huandikwa "rifampin". Hakuna la kufanya hapa ila kuandika majina hayo mawilimawili na kuyazoea.

Dawa pia ndizo zenye hatari kubwa kuliko maneno ya mwili. Celebrex ni ya maumivu ya viungo, Celexa ni ya sonona, Cerebyx ni ya degedege na kifafa, na katika imla yenye kelele majina hayo matatu hukaribiana mno. Kipimo husaidia mara nyingine: Celebrex aghalabu ni miligramu 200, Celexa ni 20 au 40. Lakini usikitegemee kila mara, kwa maana "hydralazine" ya kushusha shinikizo la damu na "hydroxyzine" ya mwasho na wasiwasi zote huweza kutolewa kwa miligramu 25. Rudi kwenye orodha ya magonjwa ya mgonjwa uone ni lipi linaitaka dawa hiyo. Ongeza na vifupisho: Joint Commission, chombo kinachotoa ithibati kwa hospitali za Marekani, kilitoa mwaka 2004 orodha ya vifupisho visivyoruhusiwa, na ndani yake imo "U" kwa maana ya yuniti, kwa kuwa ikiandikwa vibaya husomeka kama 0 au 4. Vilevile miligramu 5 isiandikwe 5.0, na nusu miligramu iandikwe 0.5, isiandikwe .5 bila sifuri.

Neno likikushinda baada ya kupitia milango yote, acha nafasi tupu, uweke na wakati wake katika sauti ili mhakiki alipate. Baadhi ya wanafunzi huona nafasi tupu ni aibu, wakajaza neno linalofanana. Kwa maoni yangu mwanafunzi anayeacha nafasi tano na kuzifuatilia anaporudishiwa kazi atajifunza maneno matano, na anayekisia hatajifunza hata moja, mbali na kwamba ripoti ile inamhusu mtu mgonjwa.

Umetaja pia kwamba mwenzako anasema kujifunza haya ni kazi bure kwa kuwa programu za kutambua sauti zinaandika zenyewe. Ni kweli kwamba kazi nyingi sasa huja ikiwa imeandikwa na programu, nawe unahariri huku ukisikiliza. Lakini programu haikosei tahajia. Huandika neno sahihi mahali pasipo pake. Itaandika "hypertension", shinikizo la juu la damu, palipotamkwa "hypotension", shinikizo la chini, na mstari wa pili yake shinikizo la damu limeandikwa 84/50, na hakuna rangi nyekundu itakayojitokeza chini ya neno kukuonya. Mhariri asiyejua kwamba 84/50 ni shinikizo la chini ataipitisha.

Ukinitajia ni mfumo gani wa mwili mnaoanza nao muhula ujao, nitakuwekea hapa sentensi za uchunguzi wa mfumo huo na jozi zake zinazochanganya.