Mdogo wako asisaini kabla hajaongea na kocha

Usimruhusu asaini wiki hii, kaka. Umesema mdogo wako ni kiungo, mkataba wake unakaribia kuisha, na wakala anamwambia aondoke kama mchezaji huru aende daraja la pili Ulaya, "kama Quang Hải wa Vietnam". Umeuliza pia viza, shule na chakula. Hili la wakala ndilo linaloniuma, kwa sababu hadithi hiyo kakupa nusu.

Nguyễn Quang Hải hakwenda Ufaransa akiwa kijana wa kubahatisha. Ni mzaliwa wa 1997, mguu wa kushoto, na akiwa Hanoi FC, klabu ya kwao Vietnam, alishabeba ubingwa wa ligi zaidi ya mara moja. Januari 2018, fainali ya vijana wa Asia chini ya miaka 23 huko Changzhou, China, theluji ilifunika uwanja wote. Vietnam ilikuwa nyuma kwa goli moja dhidi ya Uzbekistan, ikapata faulo nje ya boksi. Quang Hải akaizungusha juu ya ukuta, ikaingia. Walifungwa 2-1 mwishoni mwa muda wa nyongeza, lakini goli lile Wavietnam wanalikumbuka hadi leo. Mwaka huohuo akatwaa Kombe la AFF, la nchi za Asia ya Kusini-Mashariki, na kuchaguliwa mchezaji bora wa mashindano. Hanoi mpira ulikuwa unamtafuta yeye.

Sasa nusu ambayo wakala kaificha. Mwaka 2022 mkataba ukaisha, akaenda bure Pau FC, daraja la pili Ufaransa, kwa miaka miwili. Mashabiki wa Vietnam walifurika kwenye kurasa za klabu ile, lakini mashabiki wa mtandaoni hawapangi kikosi. Alicheza mechi chache, nyingi akitokea benchi. Miaka miwili haikutimia. 2023 akarudi nyumbani, akajiunga na klabu ya polisi, Công An Hà Nội, na msimu huohuo wakachukua ubingwa. Kipaji hakikupotea Ufaransa. Kiungo mchezeshaji anaishi kwa timu kumpa mpira, na timu haikupi mpira kama kocha hajaijenga kupitia kwako. Winga anaweza kuingia dakika ya 75 akakimbia mara mbili akaonekana. Namba kumi, yaani huyo mchezeshaji, aingie dakika hiyo afanye nini?

Najua ninachosema. Mdogo wangu naye alikuwa kiungo, naye alipata mtu wa kumpeleka Ulaya. Tukaonyeshwa mkataba wenye muhuri, picha za uwanja, na neno "mradi" likatajwa kila baada ya sentensi mbili. Tukasaini. Siku ya kwanza mazoezini kocha akamuuliza kupitia mkalimani, "Wewe ni beki au winga?" Mtu aliyetakiwa kumpanga hakujua anacheza wapi! Aliyemtaka alikuwa mkurugenzi mmoja, naye akaondoka kabla ya Krismasi. Mdogo wangu akamaliza msimu akicheza beki wa kushoto kwenye timu ya akiba, na yule wakala, aliyekuwa akipiga simu hata usiku wa manane, akaacha kupokea. Alishachukua chake. Kwa kazi yake ile ilikuwa biashara iliyokamilika. Kwa kijana ilikuwa miaka yake bora inaliwa. Watu wa namna hii wananikera mpaka leo, na video zao za dakika nne zenye muziki mkubwa. Hata kipa wa mtaani kwetu akikatiwa video ile anafaa Madrid.

Kwa hiyo mwambie wakala hivi: bila kuongea na kocha mkuu, hakuna sahihi. Kocha mwenyewe, ana kwa ana au kwa video, si msaidizi wala "mtu wa klabu". Mdogo wako amuulize mambo matatu tu: umeniona mechi gani, utanipanga namba ngapi, na nani anaicheza sasa. Kisha amuulize mkataba wa kocha unaisha lini. Wakala akisema makocha wa Ulaya hawana muda wa maongezi hayo, mjibu kwamba kocha asiye na dakika kumi za kuongea naye hatakuwa na dakika tisini za kumpa. Mpigie leo, kisha uje uandike hapa amejibu nini.