Milima ya Nandi kwa rangi kali: kwa wanaoanza uchoraji wa kiekspreshonisti

Anayeanza hudhani uekspreshonisti, yaani uchoraji unaokuza rangi na maumbo ili kuonyesha hisia, ni kupaka rangi kali popote. Ndiyo maana milima mingi myekundu huonekana myepesi kama karatasi. Rangi unaweza kuibadilisha upendavyo. Giza na mwanga usivichezee.

Simama upande wa Ahero, karibu na Kisumu, Kenya, tambarare ya Kano mbele yako, utazame ukuta wa milima ya Nandi kaskazini. Nenda asubuhi, maana joto la mchana huleta ukungu unaofifisha makorongo. Fumba macho nusu, kisha chora kwa mkaa kwenye karatasi ndogo ukitumia ngazi tatu tu: giza, kati na mwanga. Nandi haina kilele kilichochongoka, hivyo nguvu yake itoke kwenye makorongo. Yachimbe zaidi ya yalivyo, na mstari wa juu uupinde bila woga.

Mchoraji wa kiekspreshonisti Mjerumani Ernst Ludwig Kirchner, aliyehamia Davos, Uswisi, mwaka 1917, alipaka milima ya Alps waridi na zambarau. Mlima wa waridi bado ni mlima iwapo zambarau na bluu nzito zitakaa kwenye kivuli, na waridi na manjano kwenye mwanga.

Kwenye ubao wa sentimita 50 kwa 70, tandaza kwanza akriliki (rangi ya plastiki inayozimuliwa kwa maji) ya rangi ya udongo mwekundu, ikiwa imezimuliwa. Ikikauka, weka mabaka makubwa kwa brashi ya sentimita 5, ukiacha nyufa. Wekundu unaochungulia kando ya kijani huifanya kijani iwake. Ukizikoroga pamoja, utapata kahawia ya matope. Hapa ndipo wengi huharibu. Kila mchanganyiko uwe na rangi mbili tu pamoja na nyeupe, na suuza brashi kila mara.

Kwa joto la Kisumu akriliki hukauka upesi sana. Fanya kazi kivulini, nyunyizia maji paleti (kibao cha kuchanganyia rangi), na usirudie kusugua baka lililoanza kushika, litabanduka. Akriliki ikikauka hukolea giza kidogo, kwa hiyo sehemu za mwanga zichanganye zikiwa nyeupe zaidi.

Mistari mizito ya kuzungushia maumbo, ambayo mchoraji Gabriele Münter aliitumia Murnau, Ujerumani, iwe ya mwisho. Changanya bluu ya ultramarini na kahawia iliyokolea. Nyeusi ya chupa hukaa bila uhai. Kata mstari pale mwanga unapogonga mwamba.

Halafu piga picha kwa simu, uigeuze nyeusi na nyeupe. Mlima ukipotelea angani, ongeza giza kwenye makorongo kabla ya kugusa rangi nyingine yoyote.