Sauti inayozunguka, au inayokuzunguka?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa muziki hapa Morogoro, nafunga spika majumbani na kwenye kumbi. Nataka kuchapisha tangazo kwa Kiswahili. Kwa ile wanayoiita "surround sound" nimeandika "sauti inayozunguka", mwenzangu kakataa. Anasema sauti haizunguki, tuandike "sauti ya mzunguko". Halafu wateja siku hizi wanaleta muziki wa faili za FLAC, zile zinazoitwa "lossless", na nikiandika "faili zisizo na hasara" wanacheka. Tuandikeje?

Jibu: Marahaba, fundi. Mwenzako ameona ugonjwa, lakini dawa aliyotoa ndiyo inauzidisha. Mzunguko ni wa damu mwilini, wa fedha sokoni, wa dunia kwenye mhimili wake: kitu kinaondoka, kinapita, kinarudi kilipoanzia. "Sauti ya mzunguko" ingekuwa inapiga duara chumbani kama nzi.

Na usidhani spika ya namna hiyo haipo. Mmarekani Don Leslie aliianzisha miaka ya 1940 kwa ajili ya kinanda cha Hammond. Ndani ya kabati la mbao mna pembe inayozungushwa na mota, na mlio unatoka ukiyumbayumba. Kwaya nyingi za makanisa ya Wamarekani Weusi zimeimbia juu ya mlio huo. Ile ndiyo sauti inayozunguka, nayo haikuhitaji spika nne pembeni. Kabati moja tu lilitosha.

Wewe unauza kitu kingine. Spika zako zimetulia, moja huku nyingine kule, na msikilizaji yuko katikati. Kilichokosekana katika tangazo lako ni silabi moja: sauti inayo-ku-zunguka. Kitenzi hiki kina sura mbili. Feni inazunguka, hapo feni ndiyo inayotembea. Lakini ukuta unaizunguka nyumba, na ukuta haujasogea hata inchi. Kiambishi cha mtendwa, lile "i" la nyumba au "ku" la msomaji wako, ndicho kinachogeuza mwendo kuwa mpango wa mahali. Kiache, na mteja atasubiri kuona kitu kikizunguka.

Ukitaka kuanza na msikilizaji, tumia -me-: "umezungukwa na sauti". Kisiwa kimezungukwa na bahari. Atakayesema "kinazungukwa" tutamwelewa, ila sikio langu linagoma, kwa sababu bahari imeshafika siku nyingi. Nimewahi pia kuona "sauti zingira" ikipendekezwa. Ni Kiswahili, na ina undugu na mazingira, lakini nyumba iliyozingirwa kwa kawaida imezingirwa na polisi. Sidhani ni hali unayotaka mteja ajione nayo sebuleni.

Nikueleze kisa cha duka moja Kariakoo, maana ndipo nilipoelewa kwa nini neno hili linatuponyoka. Muuzaji aliniambia, "Mzee, hii ina saraundi, sauti inazunguka nyumba nzima." Akawasha. Spika zote tano alikuwa amezipanga mstari mmoja juu ya kabati, sabufa chini yake. Nikasimama mbele kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Sauti ile haikunizunguka, ilinikabili. Kwenye boksi pameandikwa 5.1, lakini namba haifungi spika ukutani. Kazi hiyo ni yako, fundi.

Na hiyo 5.1 yenyewe ina mtego. Tunaisoma "tano nukta moja", kama bei ya dola, na mteja anadhani ni tano na kidogo. Si desimali. Ni mikondo mitano ya sauti (mbele kushoto, mbele kulia, katikati, na miwili ya pembeni au nyuma) pamoja na mmoja wa besi peke yake. Jumla sita. 7.1 ni nane. Ukiona 5.1.4, hizo nne za mwisho ziko juu, darini. Kuisoma "tano nukta moja" ni sawa kama jina, lakini ukimweleza mteja sema "tano na sabufa moja". Nimetumia "mkondo" kwa sababu "chaneli" imeshachukuliwa na televisheni, na mteja akisikia chaneli sita atauliza kama mpira upo.

Sabufa nalo ni neno ninalolipenda. Lilikuja kama jina la boksi moja la besi, sasa seti nzima inaitwa sabufa. Wasafishaji wa lugha wananung'unika, mimi sinung'uniki. Tulichukua maneno ya kibao cha barabarani tukapata kipilefti, tena tukakipa wingi, vipilefti. Sabufa imo katika safari hiyohiyo. Spika ndiyo inayohitaji uangalifu, na hata hapo sarufi inatulinda: "spika imekoroma" ni ya kwako, "Spika amekoroma" ni habari ya bungeni.

Kama utafunga Dolby Atmos, mfumo wa sauti ulioanza kwenye sinema mwaka 2012, ndipo "inayozunguka" inarudi kwa haki yake. Humo mchanganyaji wa sauti studioni hagawi milio kwa spika tu. Anaweza kuiwekea mlio mmoja alama za mahali ulipo, na mtambo wako ndio unaoamua spika zipi ziutoe. Helikopta inaweza kukupitia juu ya kichwa ikazunguka. Kwa hiyo unaweza kuandika bila kosa kwamba sauti imekuzunguka, na ndani yake helikopta inazunguka.

Sasa FLAC. Wateja wanacheka kwa sababu hasara ni ya biashara. Faili isiyo na hasara inasikika kama imekatiwa bima. Watu wengine wameandika "faili zisizopungua", nayo ni mbaya zaidi. Watu wasiopungua 50 ni 50 au zaidi, kwa hiyo msomaji atakaa akingoja namba. Mnyambuliko unaofaa ni wa kutendwa: faili zisizopunguzwa. Kuna mtu mwenye mkasi, na hapa hakuutumia.

Mtofautishie mteja kubana na kupunguza. Gunia la mkaa likishindiliwa linakuwa dogo, lakini ukilimwaga mkaa wote upo. Ndiyo FLAC, iliyotoka mwaka 2001. MP3 inabana kwa kupunguza: inatupa milio ambayo sikio lisingeishika kwa urahisi, kwa mfano mlio mdogo uliofunikwa na mkubwa. Ikibanwa kwa wastani wengi hawatambui. Ikibanwa mno, matoazi yanageuka kuwa kama maji yanayochemka. Na akija mtu na MP3 anataka uigeuze iwe FLAC ili isafike, mwambie maji yakimwagika hayazoleki. Atapata faili kubwa zaidi yenye upungufu uleule.

"Ubora wa hali ya juu" ufute. Kila godoro na kila rangi ya nyumba vina ubora wa hali ya juu. Taja kipimo. Sidii, tangu mwaka 1982, inapima sauti mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo kwa biti 16. Faili zinazouzwa kwa jina la ubora zaidi huwa za biti 24, mara 96,000 au hata 192,000. Sikio la binadamu huishia karibu na mitikisiko 20,000 kwa sekunde, na sidii inafika hapo, hivyo usimwahidi mteja miujiza. Spika zilizopangwa vizuri zitamfaa kuliko namba hizo.

Tangazo lako basi, ningeliandika hivi: "Tunafunga spika za 5.1 na Atmos, sauti ikuzunguke ulipokaa. Muziki wako wa FLAC utausikia bila kupunguzwa. Tunakuja kupima sebule kwanza." Hiyo sentensi ya mwisho nimeiongeza mwenyewe, kwa ajili ya yule wa Kariakoo.